Mikono ya Döndü

Kumluca, mwezi wa pili. Mlima umevaa theluji,
chini yake mabanda ya nailoni yametanda hadi ufukweni;
ukitazama kutoka juu utadhani
kuna aliyeanika shuka za mji mzima akasahau kuzianua.

Banda la saba kutoka barabarani ni la Döndü.
Alfajiri, kabla chai haijaiva,
huingia ndani ya joto lile la pumzi ya ng'ombe
na kuanza safu ya kwanza:
shika shina, ng'oa chipukizi la kwapani,
zungusha kamba, songa.
Shika, ng'oa, zungusha, songa.
Miche elfu mbili na mia nne, na kila mmoja ameugusa.
Jirani walisema ana mkono wa heri,
akichomeka mpini wa ufagio utatoa majani.

Ilianza na mche mmoja, safu ya nne, karibu na mlango.
Jani changa lilitoka jembamba, limejikunyata,
kijani kibichi hapa, kijani kilichopauka pale,
ramani ya nchi isiyo na jina.
Baridi tu hiyo, alisema Döndü.
Akalipangusa kwa kidole gumba, taratibu,
akahamia mche wa pili.

Siku ya kumi, safu nzima.
Siku ya ishirini Rıfat, mjukuu wake, alipima:
miche iliyokuwa ikirefuka shibiri kwa juma
ilirefuka vidole viwili,
kisha kimoja,
kisha ikasimama
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.
Maua yalidondoka na chavua yake.
Matunda yaliyokwisha kufunga yaliiva vipande vipande,
shavu jekundu, shavu manjano,
na juu yake mabaka ya kahawia yenye makunyanzi,
ngozi ya ajuza kwenye tunda la wiki tano.

(Katika lugha ninayoandikia, nyanya ni tunda,
na nyanya ni mama wa mama.
Sikulitafuta neno hilo. Nililikuta limekwisha kaa.)

Nilgün wa idara ya kilimo alikuja
amefunga mifuko ya plastiki juu ya viatu.
Hiki si mdudu, alieleza, hakina mdomo wala tumbo.
Hakili mmea. Hupenya kwenye jeraha,
hata unywele mmoja wa shina ukivunjika unatosha,
kikaiambia seli: acha kujenga jani, nijenge mimi.
Na seli, tiifu kama karani,
hunakili, hunakili,
hadi unakosekana wino wa kuuandika mmea wenyewe.
Usione haukui ukadhani umelala.
Unafanya kazi usiku na mchana,
kazi ya mwingine.

Kimeingiaje? aliuliza Döndü.
Nilgün alitazama kisu, akatazama kamba,
akatazama makreti ya kuazima,
nyuki wa kununua ndani ya sanduku lao,
alitazama kila kitu bandani
isipokuwa mikono.

Döndü si mtoto.
Usiku ule alinawa kwa sabuni, akarudia,
akaisogeza mikono puani.
Bado ilinukia ile harufu kali ya majani
ambayo marehemu mumewe aliiita
manukato yetu ya harusi.

Waling'oa Jumanne.
Rıfat alimpa glavu. Alizivaa, akazitazama, akazivua.
"Leo hata nikiigusa," alisema, "nitaiambukiza nini tena?"
Akaanza safu ya kwanza:
shika, ng'oa, songa.
Kamba zilibaki zinaning'inia.

Sasa kuna beseni la dawa mlangoni,
na miche mipya, ya mbegu nyingine.
Döndü hupita katikati yake mikono nyuma, kama mkaguzi,
vijana ndio hushika.

Vuli ile kitukuu alizaliwa.
Walimletea ampakate.
Nilgün alikwisha sema, tena mara mbili,
kwamba binadamu hakimdhuru.
Döndü alimtazama mtoto, uso umemchanua,
akaomba kwanza maji.